Injinia Aliyemwamsha Mfagiaji

Kituoni tulimwita Injinia, na hata mke wake alipopiga simu ya mezani aliulizia Injinia. Sijawahi kuona cheti chake wala sikuwahi kutaka kukiona. Nilimwona akifanya kazi, ikanitosha. Naandika habari zake nikiwa bado na hasira, kwa sababu hasira ikinipungua huwa naanza kumsifia, na nikimsifia sana najikuta nimejidanganya.

Alikuwa mfupi, mwenye tumbo la heshima, na mtu wa sweta. Julai, mlima unapojifunika na mji mzima unatembea umejikunyata, alivaa mbili. Januari alivaa moja, jua liwe kali vipi, kwa kuwa chumba chake cha mitambo kilipozwa kwa ajili ya mashine na si kwa ajili ya watu. Redio yetu ilikuwa ndogo: studio moja, chumba cha habari chenye meza zilizobanana, na hicho chumba chake, ambamo ilikaa kompyuta kubwa iliyobeba kila kitu tulichorusha hewani. Matangazo ya biashara, muziki wa injili, salamu za wasikilizaji, mahojiano, vyote vilikuwa mle. Ile kompyuta ikigoma, redio nzima ilikuwa bubu.

Chakula hakikuingia humo. Kuna mwandishi wetu wa michezo alifukuzwa mlangoni na sambusa yake mkononi, tena kwa maneno ambayo sitayaandika. Lakini siku nilipotumwa kutafuta waya nyuma ya meza ya Injinia nilikuta maganda ya karanga ya kujaza kopo. Nilipomwonyesha aliyatazama kwa mshangao wa kweli kabisa, akasema, "Haya ni ya zamani."

Nilicheka sana siku ile. Leo nikikumbuka sicheki.

Salamu alizipenda kupita kiasi. Asubuhi alipitia meza moja moja, na ukimpa shikamoo aliipokea akiwa amesimama, hata kama amebeba betri nzito. "Marahaba mwanangu. Umeamkaje? Mama hajambo huko juu? Na yule ng'ombe?" Mama yangu ni mkulima wa kahawa na migomba upande wa mlimani, na ng'ombe wake alikuwa akisumbuliwa na kwato. Injinia aliulizia zile kwato mpaka zilipopona, akafurahi kama ng'ombe ni wake. Mtu wa namna hiyo humfikirii vibaya. Hata ukitaka kumfikiria vibaya, unajiona una roho mbaya.

Alikuwa Mchaga wa kwenda nyumbani kila Krismasi, gari limejaa mpaka watoto hawaonekani. Jumapili aliimba besi kanisani. Jumamosi alipiga video za harusi, na ndoa nyingi changa za mji huu zimepita mbele ya kamera yake. Wenzangu waliowahi kwenda naye kama wasaidizi waliniambia jambo lililonishangaza: alikuwa analia. Watu asiowajua, kamati hajakaa, mchango hajatoa, lakini baba wa bibi harusi akishika kipaza sauti tu kumuaga binti yake, Injinia alikuwa anajifuta machozi nyuma ya kamera.

Mimi niliajiriwa kutayarisha vipindi. Kompyuta nilizijua kwa kuzitumia tu. Siku moja nikamuuliza kwa nini mashine inakuwa nzito kila asubuhi saa ile ile, tukiwa ndiyo tunaandaa taarifa ya habari. Aliweka kikombe chini.

"Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kwa nini," alisema. "Hawa wengine wananiambia tu, Injinia, mashine imekwama. Vuta kiti."

Nikavuta kiti, na kwa miaka iliyofuata sikukirudisha. Mfumo wa ile kompyuta ulikuwa Linux, nami niliuogopa kwa sababu hauna picha za kubonyeza, una maandishi tu juu ya kioo cheusi. Injinia alinitoa woga kwa habari za harusi.

"Mtu akioa hajaoa mtu mmoja," aliniambia. "Bibi harusi anaingia, nyuma yake anaingia shangazi, anaingia binamu, anaingia mtu hata humjui. Programu nayo ni hivyo hivyo. Umeweka programu moja ya kurekodi, imekuja na ndugu zake. Mmoja anapanga mafaili alfajiri. Mmoja anatafuta matoleo mapya. Mmoja anafagia. Hukuwaalika, na kila mmoja kaja na ratiba yake."

"Sasa si unawafukuza?"

"Utawafukuza vipi? Ukifuta faili la shangazi, siku programu ikisasishwa anarudi na begi lake. Ukimwambia apumzike tu, ndugu mwingine anaweza kumwita akaja. Dawa ni kumfunika. Kuna amri yake. Ukishamfunika, aitwe na nani, hasikii."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kuzima kazi za ratiba zinazokuja na programu. Tuliwapitia wale ndugu wote, mmoja mmoja. Aliyekuwa na faida tulimwacha, tukamsogezea saa yake mbali na taarifa ya habari. Asiye na faida tulimfunika. Wa kuogopwa kuliko wote alikuwa mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kuingia kila alfajiri katika folda la muda na kufuta faili lolote ambalo halijaguswa kwa mwezi hivi. Kwa watu wengine hilo ni jambo zuri. Kwetu lilikuwa balaa, kwa sababu folda lile ndilo lililokuwa kwenye diski kubwa, na humo ndimo tulimoweka rekodi zetu zote ndefu. Injinia aliomba diski nyingine kwa uongozi mpaka akachoka. Ikabidi mfagiaji alale moja kwa moja.

Hakuamini maandishi. Alisema karatasi haina masikio, ukiisomea vibaya haikurudishi. Badala yake alikuwa na desturi yake, na sijaiona kwa fundi mwingine yeyote. Kila Jumatatu kwenye chai, kabla hajagusa chapati, aliniuliza maswali nikayajibu kwa sauti, kama watoto wa kipaimara mbele ya mchungaji.

"Mfagiaji amelala?"

"Amelala."

"Nani kamlaza?"

"Injinia."

"Nani atamwamsha?"

"Hakuna, mpaka tuambiane."

"Haya, tule."

Watu wa chumba cha habari walitucheka. Mwandishi wa michezo alikuwa akipita mlangoni na kuitikia "Amina". Mimi nilikuwa najisikia fahari. Mtu mzima kama yule, mwenye uzoefu kama ule, ananiambia hakuna atakachokigusa bila mimi kujua. Kwetu mtoto wa kike haambiwi maneno kama hayo na wazee kila siku.

Na alinitetea pia, nisimnyime haki yake. Alikuja fundi mmoja kutoka Dar, kijana wa miwani na majigambo, akaniuliza kama mimi ndiye wa chai. Injinia akamwambia, "Huyo ndiye utakayemuomba neno la siri. Akikataa, rudi Dar." Yule kijana aliniita dada mpaka alipoondoka.

Msemo wake mkubwa ulikuwa huu: mashine haina chuki, ikifanya jambo, kuna mtu kaiambia. Mtangazaji akija analia kwamba kompyuta imemfutia kipindi, Injinia hakumhurumia. "Kuna mtu kaiambia," alisema, na kweli tukifuatilia tulimkuta mtu. Mara nyingi alikuwa yule yule aliyekuwa analia.

Katika miaka hiyo nilikuwa na kipindi changu mwenyewe cha wazee. Nilikwenda na kinasa sauti Nduruma, nikapanda huku kwetu mlimani, nikaenda Ngaramtoni siku za soko na siku zisizo za soko. Niliwaacha wazee waongee mpaka wachoke. Hewani tulirusha kipande kidogo, sauti nzima ikabaki kwenye folda. Nilikuwa nakusudia kuzirudia zote, nizitengeneze vizuri, zibaki kwa wajukuu. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya ambayo mama yangu aliielewa. Alizoea kuwaambia majirani, "Huyu anaweka akiba ya wazee."

Mwaka mmoja kipindi kilipumzishwa hadi baada ya Pasaka, nami nikachukua likizo kwenda Nduruma kumsaidia dada aliyejifungua. Nilipokuwa huko, Injinia alimwamsha mfagiaji.

Sikulijua hilo niliporudi, maana kipindi kilikuwa bado kimepumzika na sikuwa na sababu ya kulifungua folda. Jumatatu ya kwanza tulikaa kwenye chai kama kawaida. Akanitazama usoni, akauliza, "Mfagiaji amelala?" Nikajibu, "Amelala." Akauliza nani kamlaza, nikamtaja yeye. Akauliza nani atamwamsha, nikasema hakuna. Akasema haya tule, akachukua chapati, akala. Jumatatu iliyofuata tukafanya hivyo tena. Na iliyofuata.

Nimeziwaza zile Jumatatu kuliko nilivyowaza jambo lolote maishani mwangu. Angeweza kuacha kuuliza. Angesema ana haraka, au chai imepoa, au tuachane na mambo ya kitoto. Hapana. Aliuliza, akaniacha nijibu uongo nisioujua, akaniitikia.

Nilikuja kujua kwa sababu ya msiba. Alikuja kituoni mwanamume wa makamo kutoka Ngaramtoni, muuza mbuzi, shuka begani na kofia mkononi. Nilimkumbuka. Mama yake, koko mmoja, ndivyo wanavyomwita bibi kule, mcheshi ajabu, aliwahi kuniongelesha mchana mzima nje ya nyumba yao, na mazungumzo yale hatukuwahi kuyarusha. Aliniambia mama amefariki na maziko ni Jumamosi.

"Tumekaa kama familia, tukasema tumsikie mara ya mwisho kabla hajashuka," alisema. "Wajukuu wengine wako mbali, hawakuwahi kuongea naye vizuri. Si ulimrekodi, dada?"

"Nilimrekodi, kaka. Kaa, nakuletea."

Nikaingia chumba cha mitambo, nikafungua folda. Lilikuwa jeupe. Nikadhani nimekosea njia, nikarudia. Nikatafuta Nduruma, nikatafuta za mlimani, nikatafuta za kwetu kabisa. Hakukuwa na hata faili moja la mzee yeyote. Nilirudi kwa yule baba, nikamwambia haipo.

"Imekwenda wapi?"

"Imefutika, kaka. Sijui ilivyokuwa."

"Basi hata pale mwanzo tu," alisema. "Pale ulipomwambia ajitambulishe, akataja jina lake. Hapo panatosha."

Nilimwambia hata hapo hapapo. Akavaa kofia yake, akanishukuru, ndiyo, akanishukuru, akaondoka.

Kutafuta hakukuchukua muda, maana nilifundishwa na mtu anayejua. Kifuniko cha mfagiaji kilikuwa kimeondolewa. Kumbukumbu za mashine zilionyesha ameanza kufanya kazi alfajiri moja ya likizo yangu, na alfajiri ile ile alifagia kila kitu. Neno la siri tulikuwa nalo wawili tu. Bado nilitaka kuamini ni bahati mbaya. Halafu nikaziona video za harusi. Injinia alikuwa akizihariri kwenye mashine ya kituo, jambo ambalo wote tulilijua na tulilinyamazia, na siku zote alizihifadhi kwenye folda lile lile la muda. Sasa zilikuwa kwingine, zimepangwa vizuri kwa majina ya maharusi. Zilihamishwa jioni ya kuamkia siku mfagiaji alipoanza. Alitaka nafasi kwenye diski, akazitoa za kwake kwanza, ndipo akamwamsha. Za wazee aliziacha sakafuni.

Meneja aliitisha kikao. Niliingia nikiwa na jambo moja moyoni: atasema. Sikupanga kumshtaki. Nilimwachia yeye mkubwa aanze, kama heshima inavyotaka, nikajua atakohoa, ataweka mikono yake juu ya meza, atasema jamani hili ni langu. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumtetea.

Alikohoa kweli. Akaweka mikono juu ya meza. Akasema, "Mashine hizi zina mambo yake. Lakini anayekaa nazo kila siku ni huyu binti. Yeye ndiye wa kutueleza."

Sikusikia vizuri, au nilisikia nikakataa. Nikamgeukia. "Injinia, si ulimwamsha wewe nikiwa Nduruma?"

Akanitazama kwa huruma. Huruma, nasema, ile ile ya kwenye kwato za ng'ombe. "Mwanangu," alisema taratibu, "usiongeze kosa juu ya kosa."

Nikaanza kueleza habari za kifuniko na kumbukumbu, lakini Meneja hakuwa anaelewa hata neno moja, na nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mjanja. Aliniinulia mkono. "Unamsingizia mzee aliyekufundisha kazi? Muombe radhi."

Na mimi nikasema, "Samahani, Injinia."

Hilo ndilo linaloniuma. Kazi inaondoka, mtu anapata nyingine. Lakini ile samahani nilimpa mbele ya watu wote, naye akaipokea akiwa amesimama, akasema, "Yamekwisha, mwanangu." Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa.

Sasa sikilizeni na hili, maana bila hili mtamwona shetani, na yeye si shetani. Kazi ninayoifanya leo, kutunza kompyuta za kampuni moja ya utalii, niliipata kwa maneno yake. Sikuomba. Alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa ofisi ile, waliimba kwaya pamoja, akamwambia nina binti hodari kuliko mimi, mchukueni kabla Dar haijamchukua. Niliyajua haya nikiwa nimeshaanza kazi. Nilitaka kuacha siku ile ile. Mama akaniuliza kama hasira inalipa kodi ya nyumba, nikabaki. Kwa hiyo nakula mkate ambao yeye ndiye aliyenikatia, na kila mwezi unanikwama kooni kidogo.

Nilikutana naye tena mwaka jana, Jumamosi mchana, kata ya Sokon I. Niliingia duka la vitenge kununua sare ya kikundi chetu, na nyuma ya kaunta alikuwa amekaa yeye na sweta lake, amestaafu, amepungua mpaka lile tumbo la heshima halipo. Mke wake alikuwa anapima kitambaa. Hatukuwahi kuonana mimi na huyo mama. Shikamoo ikanitoka kabla sijafikiri. Akasimama kuipokea, akashika kaunta.

"Marahaba! Mama hajambo? Mke wangu, njoo umwone. Huyu ndiye mwanangu wa kazi."

Yule mama akafurahi, akanishika mikono miwili. "Pole mwanangu. Ni wewe uliyefuta zile sauti za wazee? Injinia alikosa usingizi kwa ajili yako. Alikuombea mpaka kwa Meneja usifukuzwe."

Nikamtazama Injinia. Alikuwa anatazama mkasi. Nikajua kwamba nyumbani kwake, miaka yote hii, mimi ndiye mwenye kosa na yeye ndiye msamaria.

"Mama," nilisema, "mimi sikufuta kitu. Nilikuwa Nduruma. Muulize mume wako alifungua nini ili apate nafasi ya video za harusi."

Mteja mmoja aliyekuwa anachagua kanga akaziacha, akatoka. Yule mama hakuachia mikono yangu. Akageuza kichwa tu.

Injinia alikaa. Nikadhani atakanusha tena, na hapo sijui ningefanya nini.

"Nilisema atafagia siku moja tu," alisema hatimaye. "Nilidhani za wazee nilishazihamisha. Asubuhi nikaona nimeacha. Nikamwacha aendelee, ionekane ni mambo ya mashine." Akafuta uso kwa kiganja. "Nikasema labda hakuna atakayewaulizia."

"Na ukaendelea kuniuliza kila Jumatatu."

"Ningeacha ungejua." Akainua macho. "Wewe ulikuwa kijana. Nilijua utapata kazi nyingine, na nilihakikisha umepata. Mimi kwa umri ule ningekwenda wapi?"

Nimeishi miaka nikitamani kumsikia akikiri, na nilipomsikia haikunifaa kitu. Alikuwa ameshapiga hesabu yake, mimi upande mmoja na yeye upande wa pili, akaona imekaa sawa. Nikamwambia, "Na yule baba wa Ngaramtoni aliyemzika mama yake kimya, naye ulimtafutia sauti nyingine?"

Machozi yalikuwa yanamtoka, kama ya harusini, nami sikuyaonea huruma.

Mke wake ndiye aliyeniachia mikono. Akanivutia kiti, akakaa mbele yangu, mgongo wake ukiwa upande wa mumewe.

"Huyo bibi," aliniuliza taratibu, "alikuwa anasema nini kwenye hiyo rekodi?"

Nikaanza kumwambia. Kulikuwa na mbuzi aliyekuwa akimfuata hadi sokoni, bibi alicheka sana akimsimulia, na kulikuwa na mtoto aliyemzaa njiani wakati wa mvua. Nikatafuta maneno yake mwenyewe, jinsi alivyoyasema. Nikatafuta tena, hayakuja. Yule mama alinisubiri mpaka akaona sina zaidi ya hayo.